Roboti: Neno la Kicheki lililotokana na kazi ya shuruti

MKAZI wa Nkuhungu, jijini Dodoma, anapotamka neno "roboti" huenda akadhani kuwa asili yake ni Kiingereza. La hasha. Kiingereza nacho kililikopa kutoka Kicheki, lugha ya Jamhuri ya Cheki, Ulaya ya Kati.

Neno hilo lilipata umaarufu kupitia tamthilia ya R.U.R. ya mwandishi Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920 na kuoneshwa jijini Prague Januari 1921. Katika tamthilia hiyo, kiwanda kinatengeneza viumbe mfano wa binadamu ili vifanye kazi zote bila ujira. Hatimaye viumbe hivyo vinaasi na kuwaangamiza wanadamu, akibakizwa mmoja tu.

Hata hivyo, Karel hakudai kuwa ndiye aliyelibuni neno hilo. Mwaka 1933 alieleza gazetini kwamba awali alifikiria kuviita viumbe hivyo "labori", kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kazi, lakini jina hilo halikumridhisha. Kaka yake, mchoraji Josef Čapek, ndiye aliyependekeza "roboti", ambao kwa Kicheki ni wingi wa "robot".

Shina lake ni "robota", yaani kazi ya shuruti. Kwa karne nyingi wakulima wa Bohemia walilazimika kutumika katika mashamba ya makabaila pasipo malipo, hadi mfumo huo ulipofutwa mwaka 1848.

Kiswahili nacho kimehifadhi kumbukumbu ya aina hiyo. Wafanyakazi wa mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika waliitwa "manamba", kwa kuwa walitambuliwa kwa namba walizopewa. Lakini wakati "manamba" bado linakumbusha jasho la watu, "roboti" sasa linamaanisha mtambo tu.

Mitambo hiyo imekwishafika ukanda huu. Mwaka 2013 roboti zilisimikwa jijini Kinshasa kuongoza magari, na mwaka 2020 Rwanda ilizitumia katika vituo vya kutibu wagonjwa wa Uviko-19. Mtambo hauchoki wala haudai ujira, lakini swali la tamthilia ile lingalipo: kazi ikishafanywa na mwingine, nani atafaidi matunda yake?