Ajali ya lori: Ni nani hulipa fidia?

Mnamo Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliua zaidi ya watu 50 katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho. Mikasa ya aina hii inapotokea, wengi humlaumu dereva peke yake. Hata hivyo, sheria za Kenya humgusa pia mwenye lori.

Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, aliyesajiliwa huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Dereva akisababisha ajali kwa uzembe akiwa kazini, mwajiri wake huwajibika pamoja naye. Sheria hiyo pia humkataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Ushahidi kwamba kikomo hicho kilikiukwa unaweza kumfaa mdai.

Kuhusu bima, Sura ya 405 humlazimu mwenye gari kuwakinga watu wengine, ila kiwango cha lazima kwa mdai mmoja hakipiti Sh3 milioni. Fidia ikizidi hapo, salio hudaiwa waliopatikana na hatia ya uzembe. Ndiposa si busara kumshtaki dereva pekee.

Majeruhi ana miaka 3 tangu siku ya ajali kuwasilisha kesi. Ni muhimu anakili mapema nambari za lori na za trela, kwani kila moja husajiliwa kivyake, jina la kampuni ya bima, na achukue ripoti ya polisi.