Umbali wa Mstari Mnyoofu na Bonde la Msimbazi
Mbinu ya kukadiria pasipopimwa kutokana na vipimo vya jirani ilichipuka katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kwa kazi ya Danie Krige ya mwaka 1951. Georges Matheron wa Ufaransa akaijengea nadharia. Huchukulia kwamba vilivyo karibu hufanana. Kariakoo na Magomeni zi karibu, lakini kati yake limo bonde la Jangwani: kina cha mafuriko ya Desemba 2011 hakikadiriki kwa kuunganisha kingo mbili kavu. Maji hufuata mteremko, mifereji na kuta. Kwa maoni yetu, ubora wa Ramani Huria, iliyoanza 2015, haumo katika picha za droni pekee, bali pia katika wakazi walioonyesha maji yalipofika.