Njia ya Nchi Kavu: Kapteni Elton katika Rufiji, 1873–1874

Waingereza wana desturi ya matembezi ya hisani. Mtu hukata mashamba na vilima kwa miguu siku kadhaa, na rafiki zake huahidi fedha kwa kila maili aimalizayo, ili wapewe wagonjwa au maskini. Katika pwani yetu safari ndefu iliyokusudiwa kuwafaa wengine ina historia ya namna nyingine, na sehemu yake kubwa imepita Rufiji.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Bahari ikafungwa, njia ya miguu haikufungwa. Tufani ya 1872 ilikuwa imeangusha mikarafuu ya Unguja, bali ile ya Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na wenye mashamba huko walitaka mikono. Basi wafanya biashara wa Kilwa wakawapeleka watumwa kaskazini kwa nchi kavu hata Pangani, ambako mlango wa bahari wa kuvukia Pemba ni mfupi. Apitaye njia hiyo hawezi kuufuata ufuko wa Rufiji, kwa sababu mikono ya mto na mikoko humkata. Hana budi kuingia ndani, nyuma ya nchi za delta kama Mtunda, atafute kivuko. Mahitaji hayo hayo ya ardhi ndiyo yaliyopitisha barabara ya leo Kibiti, na Daraja la Mkapa likafunguliwa mwaka 2003.

Mwishoni mwa 1873 Kapteni Frederic Elton, naibu wa balozi wa Kiingereza katika Unguja, alitoka Dar es Salaam kuelekea Kilwa, mwendo wa karibu kilometa 300. Alitumwa kuwatafuta watumwa waliomilikiwa na Wahindi walio chini ya himaya ya Uingereza, awape hati za uhuru. Alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara, kwa hiyo neno hisani tulitumie kwa hadhari. Lakini njiani alikutana na misafara. Aliona vijana na wanawake waliofungwa pamoja kwa pete za chuma shingoni, miguu imeganda matope na kuchanwa na miiba, miili imebaki mifupa. Hao hawakuwa mali ya Wahindi, na sheria haikumpa uwezo juu yao. Alimfungua mtumwa wa dukani, akampisha yule wa mnyororoni.

Lililobaki mkononi mwake ni hesabu. Aliandika kwamba tangu 21 Desemba 1873 hata 20 Januari 1874 watumwa 4,096 walipita kwenda kaskazini. Manowari za Kiingereza, zilizokuwa zikipekua majahazi, zisingeweza kuwaona hata mmoja wao. Kwa maoni yangu tarakimu hiyo ilifaa kuliko hati zote alizogawa, maana Balozi John Kirk alipata hoja isiyokanushika, na mwezi wa Aprili 1876 Barghash alipiga marufuku misafara ya nchi kavu pia. Elton mwenyewe alifariki Ugogo, Desemba 1877.

Mwisho wa 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Lindi na watu zaidi ya hamsini waliokombolewa, wengi wao asili yao ni pande za Nyasa. Walikwenda kwa miguu, safari hii wakielekea bara, hata Masasi. Na walipoona kwamba nchi ile yafanana na kwao, wakaomba wakae hapo.