Mfanyakazi Mwenye Mimba ya Mapacha: Haki Yake na Wajibu wa Mwajiri Mwislamu

Himdi zote anastahiki Allah, na Swala na Salamu zimshukie Mtume Muhammad (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam), Ahli zake na Swahaba zake.

Mkoani Simiyu mapacha si habari ngeni. Wasukuma wana majina yao maalumu: wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Lakini habari hiyo ya kheri inapomfikia mwenye duka, mwenye shule au msimamizi wa kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi, mara nyingi jambo la kwanza analowaza ni siku ngapi kazi italala. Tunaeleza hapa anachodaiwa na sheria, kisha anachodaiwa na Dini yake.

Siku 100, si 84

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mama aliyejifungua mtoto mmoja likizo ya siku 84 yenye malipo. Akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, likizo ni siku 100. Siku hizo 16 za ziada si zawadi ya mwajiri, ni haki. Mkataba unaosema vinginevyo haufai kitu, kwani Waislamu hutekeleza masharti yao isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu.

Mama naye ana wajibu: amjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, akiwa na cheti cha daktari. Anaweza kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya yake au ya mtoto inahitaji hivyo.

Akirudi kazini, anastahiki hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kumwachisha kazi kwa sababu ya ujauzito ni uachishaji usio halali. Aliyeachishwa hivyo apeleke shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30.

Wafanyakazi wa msimu

Huku kwetu kazi nyingi hufuata msimu wa pamba, na wapo wanaodhani kibarua wa msimu hana likizo. Si kweli. Sheria inasema asiyetimiza miezi 6 kazini hana likizo ya malipo, lakini imemtoa mfanyakazi wa msimu katika kizuizi hicho.

Kabla ya kujifungua

Mimba ya mapacha ina hatari zaidi: upungufu wa damu, shinikizo la damu na kifafa cha mimba, na mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki 37. Kwa hiyo mwajiri asingojee mwezi wa mwisho. Tunamnasihi:

1. Ampe ruhusa ya kliniki bila kumkata mshahara. Anayetoka Meatu au Itilima kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Bariadi huenda akamaliza siku nzima njiani.
2. Amwondoe kwenye kubeba marobota, kusimama muda mrefu, vumbi na dawa za kuulia wadudu. Sheria inakataza kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto.
3. Daktari akiagiza apumzike kwa maradhi, ahesabu siku hizo katika likizo ya ugonjwa, asizipunguze katika zile 100.
4. Watoto wakizaliwa njiti, amwone afisa kazi, kwani marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemwongezea mama huyo muda wa likizo.

Baba wa watoto naye ana angalau siku 3 za malipo, azichukue ndani ya siku 7 tangu kuzaliwa. Kwa mapacha siku hizo ni chache. Mwajiri mwema humwongezea.

Dini inasemaje?

Allah Ametaja katika Suratu Luqmaan (31:14) kwamba mama hubeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu. Ikiwa hali ni hiyo kwa mtoto mmoja, vipi kwa wawili? Katika Suratul-Baqarah (2:233) Amekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Naye Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam), katika Hadithi ya Abu Dharr iliyopokewa na Al-Bukhari na Muslim, amekataza kuwakalifisha walio chini yetu wasiyoyaweza, na akaamrisha tuwasaidie tukiwakalifisha.

Basi ndugu mwajiri, kumlipa mama huyu siku zake 100 ni uadilifu, usidhani umemfanyia hisani. Ihsani huanza hapo: kumwachia wiki ya ziada, kumpa nauli ya kliniki, kumpokea akirudi bila kumsimanga. Wala usiogope hasara, kwani riziki ya Kulwa na Doto iko kwa Allah, na yako pia.

Wa-Allahu A‘lam.