Porsche na Safari: Kampuni Iliyouza Kushindwa Kwake

Leo tuweke kando programu na hifadhidata tuzungumze habari ya magari. Usikimbie! Mwishoni tutarudi kwenye kompyuta, nakuahidi.

Jumamosi moja nilikuwa naoshewa gari hapa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Mvua ilikuwa imenyesha, na wakazi wa hapa mnaujua udongo wetu mweusi: ukilowa hushika gurudumu kama gundi. Mbele yangu palikuwa na Porsche Cayenne iliyojaa tope hadi viooni. Kijana anayeosha akauliza, "Hii Porsche ilishawahi kushinda Safari Rally?" Mwenyewe akajibu kwa kujiamini, "Mara nyingi sana!"

Nikanyamaza, gari si langu. Lakini jibu sahihi ni hapana. Porsche haijawahi kushinda Safari Rally hata mara moja. Ilikuja, ikakaribia, ikarudi kwao mikono mitupu. Hata hivyo, kushindwa huko imekuja kukuuza, tena kwa bei ambayo mimi na wewe hatuiwezi. Ndiyo habari ya leo.

Ilikotoka

Ferdinand Porsche, mhandisi aliyezaliwa 1875, alifungua ofisi yake ya usanifu mjini Stuttgart mwaka 1931. Hakuwa peke yake. Mmoja wa washirika wake, Adolf Rosenberger, alikuwa Myahudi, na mwaka 1935, chini ya utawala wa Hitler, aliondoka katika kampuni kwa malipo duni. Ofisi hiyo hiyo ndiyo iliyosanifu Volkswagen, kile "kikobe" ambacho wazee wetu wanakikumbuka. Gari la kwanza lenye jina la Porsche, yaani 356, lilitoka mwaka 1948 huko Gmünd, Austria, likiwa na vipuri vingi vya Volkswagen.

Mwaka 1963 wakaonyesha gari jipya Frankfurt, wakaliita 901. Peugeot wakaja juu: majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni yetu, walisema. Mwaka 1964 Porsche wakabadilisha tarakimu moja, na 911 ikapatikana. Likumbuke jina hilo la Peugeot, tutakutana nalo tena.

Vumbi letu

Safari ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Haikuwa mbio za mji mmoja. Ilikuwa maelfu ya kilomita za mawe, tope na ng'ombe wanaovuka bila kuuliza. Kiwanda kikitaka kujua gari lake ni gumu kiasi gani, kililileta huku. Sisi watengeneza programu tunajua jambo hili: programu inaweza kufanya kazi vizuri mezani pako, siku unapowapa watu waitumie ndipo wadudu wanatoka!

Porsche walileta 911 tatu mwaka 1971. Ni moja tu iliyofika mwisho, ya Mpolandi Sobiesław Zasada, nafasi ya tano. Mwaka 1972 Zasada akarudi na kuwa wa pili, nyuma ya Hannu Mikkola wa Ford. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Uswidi akawa wa pili pia. Aliyemshinda? Joginder Singh, mtu wa hapa hapa Kenya, akiwa na Mitsubishi Lancer.

Mwaka 1978 wakasema sasa basi. Wakaandaa 911 SC mbili za injini ya lita tatu, zenye rangi za Martini. Wakaziinua hadi sentimita 28 kutoka ardhini, wakazifunga sahani za chuma chini ya tumbo. Injini ya 911 iko nyuma, upande wa magurudumu yanayosukuma, hivyo uzito unasaidia kushika tope. Kwa karatasi lilikuwa gari la Safari kabisa. Waldegård akamaliza wa nne. Mkenya Vic Preston Mdogo akamaliza wa pili. Na mshindi alikuwa Jean-Pierre Nicolas, ndani ya... Peugeot 504! Wale wale waliowanyima sifuri mwaka 1964 wakawanyima na kombe.

Wakati ule ushindi wa Safari ulikuwa biashara. Datsun na Peugeot zilijijengea jina Afrika Mashariki kwa kushinda Safari, na mtu wa kawaida akiona 504 imepita Safari alijua itafika na kwao. Porsche hawakuwa na gari la kumuuzia mtu huyo, hata kama wangeshinda.

Pesa

Turudi Stuttgart. Mwaka 1986 Porsche waliuza zaidi ya magari 50,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mauzo yalikuwa chini ya 20,000 na kampuni ikakaribia kufa. Wendelin Wiedeking alipoishika, aliwaita wataalamu wa Kijapani waliolelewa na mfumo wa Toyota waje kuwafundisha Wajerumani kuunda magari! Rafu za vipuri zilizojaa hadi juu zikapunguzwa, muda wa kuunda gari ukashuka. Kisha ikaja Boxster 1996, na Cayenne 2002. Mashabiki walilia: Porsche ya milango minne, ya kubebea watoto na mboga? Lakini tazama hesabu. Mwaka 2024 kampuni ilikabidhi wateja magari 310,718. Kati ya hayo 911 zilikuwa 50,941. Cayenne na Macan pamoja zilikuwa zaidi ya 185,000. Gari lenye sifa ni moja, linalolipa mishahara ni jingine.

Tamaa nayo haikukosekana. Kuanzia 2005 Porsche walijaribu kuimeza Volkswagen, kampuni kubwa kuliko wao mara nyingi, kwa pesa za kukopa. Madeni yakawalemea 2009, Wiedeking akaondoka, na kufikia 2012 aliyemezwa akawa ni Porsche. Tarehe 29 Septemba 2022 Volkswagen iliipeleka Porsche soko la hisa la Frankfurt kwa yuro 82.50 kwa hisa. Hisa zote ziligawanywa kuwa ngapi? Milioni 911. Hawa watu hawachezi na jina!

Na jina peke yake halitoshi. Mwaka 2025 mauzo China yalishuka, mipango ya magari ya umeme ikavurugika, na Septemba hisa hizo zikaondolewa katika orodha ya kampuni 40 kubwa za soko hilo.

Stika

Miezi miwili baada ya kuingia sokoni, Novemba 2022, walitoa 911 Dakar, magari 2,500 tu duniani, kila moja zaidi ya yuro 220,000 kule Ujerumani. Jina linatokana na mbio za Paris-Dakar walizoshinda 1984. Lakini mnunuzi aliweza kuongeza pesa apakwe mapambo ya zamani ya mbio. Yapi? Safari ya 1971, ya 1974 na ya 1978. Miaka mitatu, na yote walishindwa! Na ukilinyanyua gari hilo hadi mwisho linafika sentimita 19, pungufu ya lile la 1978. Matuta ya Kitengela lingeyasalimia kwa tumbo.

Sikucheka sana, na sababu ni hii. Marehemu baba alifanya kazi Kajiado. Barabara za Kajiado zilitumika katika Safari za mwisho kabla mashindano yetu hayajaondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002. (Yalirudi 2021, makao yakiwa Naivasha.) Baba alisimama kando ya njia na daftari, akiandika namba ya gari na dakika lilipopita. Hakuna aliyemtuma. Preston wa 1978 alimsimulia kama ndugu yake. Alipofariki tulikuta madaftari kwenye sanduku, na mchwa walikuwa wametangulia. Zimebaki kurasa kumi na moja.

Porsche walishindwa hapa, lakini walitunza picha, vipimo na namba za milangoni, na gari la 1978 wakaliweka katika makumbusho yao. Sisi tulikuwa na barabara, mafundi, madereva na washindi. Joginder alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Kumbukumbu zetu nyingi ziko kwenye masanduku kama lile la baba. Aliyetunza ndiye anayeuza, hata kama hakushinda.

Nilikuahidi kompyuta. Nimeanza kuziingiza zile kurasa kumi na moja kwenye hifadhidata ndogo: namba, saa, na maneno aliyoandika pembeni. Mbele ya gari moja aliandika tu, "huyu ana haraka." Kama mzee wako alisimama kando ya njia na daftari, lifungue leo. Mchwa hawasubiri.