Sandik: ugonjwa wetu wenye jina la kwingine

Juzi niliposti video ya Mto Tana ukiwa umejaa hadi kwenye mashamba huku Masalani, nikasema mvua ikizidi hivi wazee wetu huanza kuangalia pua za kondoo. Msee mmoja kwenye komenti akaandika: "Si hiyo ni Homa ya Bonde la Ufa? Na nyinyi mko Garissa, bonde mmelitoa wapi?" Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, sitadanganya. Halafu usiku usingizi ukakataa kuja, kwa sababu swali hilo hilo, bila mzaha, liliwahi kuulizwa mbele ya abti yangu.

Kwa wale hawajui Kisomali, abti ni mjomba, kaka ya mama. Abti wangu akitaka kukuona anageuza kichwa kando, kama kuku anayeangalia punje. Akikutazama moja kwa moja uso wako unapotea, anabaki na masikio yako tu na ukuta ulio nyuma. Tukiwa wadogo tulikuwa tunamwigiza, tunageuza vichwa na kugongana makusudi. Aibu ninayoona leo nikikumbuka hiyo kitu, wacha tu.

Hebu tuanze na hilo jina. Mwaka wa 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, wanakondoo walianza kufa kwa wingi na kondoo wenye mimba wakawa wanatupa mimba. Watafiti wa serikali ya kikoloni, Daubney, Hudson na Garnham, wakaenda kuchunguza. Wakakuta maini yameharibika, wakakuta chanzo ni virusi, na wakaona kwamba wachungaji waliokuwa wakishika wale kondoo nao walishikwa na homa. Mwaka wa 1931 wakachapisha kazi yao na ugonjwa ukaitwa kwa jina la mahali ulipoonekana na mtu mwenye darubini. Bonde la Ufa. Basi.

Sasa linganisha na hii. Ugonjwa uliozuka kusini mwa Tanganyika mwaka wa 1952 uliitwa chikungunya, neno la Kimakonde la mtu anayejikunja kwa maumivu. Ule wa Uganda wa 1959 uliitwa o'nyong-nyong, neno la Kiacholi kuhusu viungo kuvunjika. Ukisikia jina tayari umeshaambiwa dalili. Na wafugaji Wasomali wa huku kwetu walikuwa na jina la aina hiyo hiyo: sandik. San ni pua. Ni ugonjwa wa pua inayotoka damu. Mtoto wa miaka saba anayechunga mbuzi anaelewa aangalie wapi. Lakini neno lililoingia kwenye vitabu vya daktari ni lile la Naivasha, na ukiwa kwenye zahanati huku mpakani na jina la ugonjwa linataja bonde lililo mbali hivyo, akili haikimbilii huko haraka. Si ati watu ni wajinga. Jina nalo linapoteza watu njia.

Kumbe hata sababu yenyewe ya ugonjwa iko chini ya miguu yetu. Hii sehemu ndiyo inanipagawisha mpaka leo. Kuna mbu wa jamii ya Aedes ambao hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde madogo yanayotuamisha maji. Mvua ikikosa, yale mayai hayafi. Yanakaa kwenye udongo mkavu, mwaka, miaka, yakingoja. Na mbu mama aliyeambukizwa anaweza kupitisha virusi ndani ya yai lenyewe. Watafiti waliofanya kazi hapa Kenya walionyesha hivyo miaka ya 1980. Kwa hivyo ile ardhi unayopita na bodaboda Januari ukila vumbi, ukienda Kotile au Ijara, inaweza kuwa imeuficha ugonjwa kama mtu aliyefukia pesa. Mvua ya kawaida haitoshi kuuamsha. Inatakiwa mvua ile ya kujaza, maji yakae wiki kadhaa. Mbu wa kwanza wakianguliwa wanauma mifugo, mifugo inaugua, kisha mbu wa aina nyingine wanaopenda madimbwi, wale wa Culex, wanaendeleza kazi.

Ndiyo maana ukiangalia tarehe zinafuata mvua. Mlipuko wa 1961 ulikuja na mafuriko. Wa 1997 ulikuja na El Niño.

Wazee hapa wakisema "El Niño" hawamaanishi hali ya hewa kwa jumla. Wanamaanisha huo mwaka. Mvua ilianza Oktoba 1997 na haikujua kuacha. Barabara zikakatika, ng'ombe wakasimama kwenye maji mpaka kwato zikaoza. Ayeeyo wangu anasemanga mbu walikuwa wengi hadi ukifunika kikombe cha chai wanatua juu ya kitambaa. Kisha kondoo wakaanza kutupa mimba, si mmoja wawili, zizi zima kwa siku chache. Hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote na ningependa uishike: kondoo karibu wote wenye mimba wanatupa kwa pamoja, na watoto wachanga wa kondoo na mbuzi wanakufa hata kabla hujajua wanaumwa. Ngamia nao wanatupa mimba. Wanyama wengine wanatokwa na damu puani.

Halafu ikafika kwa watu. Kufikia mwisho wa Desemba, ripoti zilikuwa zimetaja vifo 170 vya watu waliotokwa na damu, Kaskazini Mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Kumbuka Desemba hiyo hiyo Kenya ilikuwa inapiga kura, tarehe 29. Unadhani redio ilikuwa inaongea nini? Sampuli zilipelekwa Afrika Kusini na Marekani ndipo jibu likarudi kwamba ni ule ugonjwa wa Naivasha. Baadaye watafiti waliopima damu za watu walikadiria kwamba katika wilaya ya Garissa peke yake, ambayo Masalani ilikuwa ndani yake wakati huo, walioambukizwa walifika 27,500. Tunaongelea watu, si mbuzi. Na shuleni sikuwahi kufundishwa hata sentensi moja kuhusu hilo. Vita vya Majimaji ninavijua vizuri sana, asante.

Abti alikuwa na miaka 19. Alikuwa ndiye mwenye mkono imara nyumbani, kwa hivyo kondoo akilemewa kuzaa anaitwa yeye, na mnyama akielekea kufa ni yeye wa kumuwahi na kisu ili asiwe mzoga wa haramu. Mikono yake ilikuwa ndani ya damu na majimaji ya uzazi kila siku. Hivyo ndivyo watu wengi huambukizwa, zaidi hata ya kuumwa na mbu: kuchinja, kuchuna ngozi, kuzalisha, kushika kilichotupwa. Nyama iliyopikwa ikaiva vizuri haina shida. Maziwa mabichi yana hatari, na sisi hapa maziwa mabichi ndiyo maisha. Lakini hakujawahi kuthibitishwa kwamba mtu anamwambukiza mtu mwingine kama mafua, kwa hivyo mgonjwa asitengwe kama mwenye laana.

Siku kama ya nne akapata homa. Kwa kawaida inachukua siku 2 hadi 6. Kichwa, mgongo, misuli, mwanga unamuumiza macho. Akapelekwa kupimwa mahali fulani baada ya safari ya siku nzima, akapewa dawa ya malaria. Ayeeyo alipotaja kondoo na sandik, aliyekuwa zamu akamjibu kwamba huo ugonjwa anaousema ni wa Bonde la Ufa, na ni wa mifugo. Simlaumu sana huyo mtu. Homa, kichwa na misuli ni malaria, ni taifodi, ni kila kitu. Shingo ikikakamaa inafanana na homa ya uti wa mgongo. Wengi wanaoupata huugua hivyo siku chache na kupona bila kujua walikuwa na nini. Wachache, chini ya mmoja kati ya mia, wanafika hatua ya kutokwa na damu: macho yanakuwa ya manjano kwa sababu ini limeshambuliwa, wanatapika damu, fizi zinavuja, na karibu nusu ya hao hufa. Wachache wengine ubongo unavimba.

Na kuna wale wa macho. Homa inaisha, unashukuru Mungu, unarudi kuchunga. Wiki moja hadi tatu baadaye katikati ya unachokiona panaanza kuwa na ukungu. Virusi vimeumiza sehemu ya nyuma ya jicho. Kwa baadhi ukungu huondoka. Kwa baadhi hubaki maisha yote, katikati hakuna kitu na pembeni kuko sawa. Nilisoma hayo maelezo nikiwa kidato cha pili, kwenye simu ya kuazima, nikayasoma mara tatu, kisha nikainua macho nikamwona abti amegeuza kichwa kando akijaribu kuona nani amebisha hodi.

Miaka yote hiyo nyumbani ilisemwa ni jicho la watu. Kwamba kuna mtu alimuonea wivu kwa sababu ya nguvu zake. Kuna jirani mmoja ambaye mama hakumsalimia miaka mingi kwa ajili hiyo. Hebu fikiria, ujirani umekufa kwa sababu ya ukungu kwenye jicho ambao una maelezo.

Ya 2006 nayakumbuka mwenyewe, nilikuwa na miaka sita. Na hapa, walaal, ndipo hasira yangu iko. Safari hii hakuna aliyeweza kusema hakujua. Wanasayansi wanaotumia setilaiti kufuatilia joto la bahari na ukijani wa ardhi walianza kutoa tahadhari kuhusu Afrika Mashariki kuanzia Septemba. Novemba, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa onyo. Na huku chini wazee walikuwa wameshaona mvua, wameshaona mbu, wameshaanza kusema sandik. Watafiti waliokuja kuwahoji wafugaji baadaye walikuta kwamba wameisoma hatari sawasawa, na mifugo ilikuwa imeanza kuugua wiki kadhaa kabla ya huduma yoyote kufika. Setilaiti juu, mzee chini ya mti, wote wawili wanasema kitu kimoja, na katikati yao hakuna aliyenyanyua simu mapema.

Ugonjwa ulithibitishwa kwa watu Desemba, hapa hapa Garissa, na Ijara ikawa kati ya sehemu zilizopigwa vibaya zaidi. Kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 na vifo 155. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa wa mkoa wetu.

Masoko ya mifugo yakafungwa, kuchinja kukapigwa marufuku. Angalia kalenda: Idd ya kuchinja mwaka huo iliangukia mwisho kabisa wa Desemba. Mimi ninachokumbuka ni harufu. Yaani kukosekana kwa harufu. Idd bila moshi wa nyama, watoto tumevaa nguo mpya tunakula wali na maharagwe, na awoowe amekaa nje anawaangalia kondoo wake ambao haruhusiwi kuwachinja wala kuwauza wala kuwachanja, kwa sababu ukichanja mlipuko ukishaanza sindano yenyewe inaweza kuhamisha virusi kutoka mnyama hadi mnyama. Ada ilikuwa imefika na pesa ya ada ilikuwa imesimama pale zizini kwa miguu minne. Nairobi nako watu waliacha nyama nyekundu wakakimbilia kuku na samaki. Waliopiga hesabu baadaye walisema uchumi wa Kenya ulipoteza zaidi ya shilingi bilioni 2.1. Sijui kama waliweka dada yangu mkubwa, ambaye hakurudi shule Januari, kwenye hiyo hesabu.

Watu wa miji wataniambia haya ni mambo ya zamani. Juni 2018, Wajir, mgonjwa aliyekuwa amekula nyama ya mnyama mgonjwa aliingia hospitali akitokwa na damu kwenye fizi na mdomo, akafa siku hiyo hiyo. 2021 ugonjwa ukaonekana tena, Garissa ikiwemo. Mpaka leo hakuna dawa maalum ya kuutibu. Chanjo ya mifugo ipo tangu miaka mingi, lakini inafaa kabla ya mvua, wakati ardhi ni kavu na hakuna anayetaka kusikia habari za mbu. Ya binadamu haiko kwenye zahanati yako.

Kwa hivyo msee wa komenti, bonde hatuna. Tuna Tana, tuna udongo mweusi unaoshika maji, tuna mayai yanayongoja. Ukienda kupimwa homa msimu wa mafuriko, na nyumbani kwenu kuna mifugo, au juzi ulisaidia kuchinja, sema. Hata usipoulizwa. Sema umeshika mnyama gani, lini, na kama kuna waliotupa mimba. Ayeeyo alisema, akakatizwa. Wewe rudia mara ya pili.

Jana asubuhi mvua ilitulia kidogo, abti akaniita zizini. Kuna kondoo mmoja alikuwa amejitenga na wenzake. Akamshika kichwa, akapitisha kidole chini ya pua yake, akanigeuzia mkono karibu na uso wangu.

"Nyekundu au maji tu?"

Nikawasha tochi ya simu. Ilikuwa maji tu.

"Angalia vizuri," akasema, akafuta kidole kwenye kikoi na kumfuata wa pili.