Siku ya Kurudi: Asili na Matokeo ya Dhiki ya Moyo kwa Wafanyakazi wa Baharini

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii hutumiwa kwa mambo mengi, lakini inaisadifu mno kazi ya bahari, kwa sababu wengi walioamua juu ya maisha ya mabaharia walikuwa watu wa nchi kavu. Mtu wa nchi kavu akifikiri taabu ya baharia huwaza kwanza dhoruba, mwamba na kuzama. Taabu hizo ni za kweli. Walakini ziko nyingine zisizoonekana kwa macho, ambazo humjia mtu hata bahari ikiwa shwari: kukosa usingizi, upweke, hofu isiyo na jina, hasira ya ghafula na kukata tamaa. Siku hizi wataalamu huziita kwa jumla msongo wa mawazo. Sisi katika insha hii tutaziita dhiki ya moyo. Madhumuni yetu ni kuchungua asili ya dhiki hiyo katika historia, na matokeo yake. Tutajaribu kuonyesha kwamba sababu yake kubwa haikuwa bahari yenyewe, bali ni mamlaka juu ya wakati wa baharia: nani huamua saa yake ya kulala, na nani ajuaye siku yake ya kurudi.

Kwa muda mrefu asili ya dhiki hii ilitafutwa ndani ya baharia mwenyewe. Mwaka 1815 Gilbert Blane, daktari mashuhuri wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliandika kwamba wazimu miongoni mwa wanamaji ulifikia mtu mmoja katika kila 1,000, yaani kiasi cha mara saba kuliko watu wengine. Akauliza sababu, akaiona katika vichwa vyao: mabaharia, alisema, hugonga vichwa juu ya boriti za chini za merikebu, hasa wakiwa wamelewa. Blane hakuwa mjinga. Yeye ni mmoja wa watu waliofanya maji ya ndimu yatolewe kwa wanamaji mwaka 1795, na kwa jambo hilo aliokoa maisha ya wengi waliokuwa wakifa kwa kiseyeye. Lakini katika jambo la moyo hakusikia sauti iliyokwisha kutolewa karibu naye. Miaka 18 kabla ya maandishi yake, Aprili 1797, mabaharia wa manowari zilizotia nanga Spithead walikataa kung'oa nanga mpaka haki zao zitazamwe. Walitaja wenyewe yaliyowachosha: mshahara haukupandishwa tangu mwaka 1658, chakula kilipunjwa katika mizani, wagonjwa hawakutunzwa, na chombo kikiwa bandarini hawakupewa ruhusa ya kushuka kwenda kuwaona jamaa zao. Wengi wao walikuwa wamekamatwa kwa nguvu na kutiwa katika utumishi. Hayo waliyaandika kwa adabu na kwa mpango, na boriti hazikutajwa humo.

Kabla ya kuingia zama za mashine, yafaa tutazame chombo kilichokuwa na taabu tele lakini pia kilikuwa na kalenda. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja pwani ya Afrika ya Mashariki kwa upepo wa kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba, yakarudi kwa kusi baada ya mwezi wa Aprili. Mwisho wa mwaka 1938 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alipanda huko Aden jahazi la Kuwait liitwalo Bayan, la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Alisafiri nalo hadi Lamu, Mombasa, Unguja na mwisho mito ya Rufiji, lilikopakia boriti za mikoko, kisha akarudi nalo Kuwait mwaka 1939. Kitabu chake, Sons of Sinbad, kilichotoka mwaka 1940, hakifichi taabu. Mabaharia walilala juu ya sitaha, kazi ilikuwa ya mikono mitupu, na deni lilikuwa mnyororo wao. Baharia hakupata mshahara bali fungu la faida. Alikopa kwa nahodha, nahodha akakopa kwa tajiri, na mwaka mbaya ulizaa deni la mwaka ujao. Hapana sababu ya kuyasifu maisha hayo kana kwamba yalikuwa pepo.

Hata hivyo, mambo matatu yaliuzuia moyo usivunjike upesi. La kwanza ni msimu. Upepo wa kusi haukuweza kuhongwa wala kuharakishwa, na mke aliyeachwa Sur au Kuwait aliujua mwezi wa kutazamia tanga. La pili ni watu: baharia alifanya kazi pamoja na wenzi wa lugha yake na sala yake, na tanga lilipandishwa kwa nyimbo zilizogawa uzito wa kamba kwa wote. La tatu ni bandari. Chombo kilikaa wiki nyingi, wakati mwingine miezi, kikingoja shehena na upepo. Baharia akashuka, akatembea, akafanya biashara yake ndogo. Kazi ilikuwa nzito, lakini ilikuwa na mwanzo na mwisho uliojulikana na kila mtu chomboni, tangu nahodha hata mtoto wa jikoni.

Stima iliivunja kalenda hiyo. Tarehe 17 Novemba 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa, na stima zikapita kati ya Ulaya na Bahari ya Hindi mwaka mzima, upepo utake usitake. Makampuni yaliwauzia watu ratiba: barua itafika siku kadha, abiria atashuka siku kadha. Ili ratiba hiyo itimie, ilibidi watu wakae chini ya maji, katika chumba cha boila, wakichochea moto mchana na usiku. Wachochezi walitupa makaa kwa beleshi katika tanuu. Wenzi wao walivuta makaa hayo kwa magari ya mkono kutoka katika maghala ya giza. Aghalabu zamu ilikuwa saa nne za kazi na nane za mapumziko, bila kukatika, kutoka bandari hata bandari. Katika Bahari ya Shamu, upepo ukija kwa nyuma na kwenda mwendo mmoja na meli, hewa haikuingia chini, na joto mbele ya tanuu lilipita nyuzi 50 za Selsiasi. Habari za zama zile zinataja tena na tena wachochezi waliopanda juu mbio wakajitupa baharini. Wakuu wa meli waliandika kuwa ni wazimu wa joto, na safari ikaendelea.

Katika vyumba hivyo walikuwamo watu wa pwani yetu pia. Manowari za Uingereza zilizowinda majahazi ya watumwa ziliajiri watu kutoka Unguja na mahali pengine, nao wakaandikwa katika daftari kwa jina la Sidi. Kampuni za stima nazo zikawatia katika kazi ya moto. Sababu iliyotolewa ni kwamba mwili wa Mwafrika umezoea joto. Basi hapa twaona jinsi dhana inavyofanya kazi ya ukuta: mtu akisemwa kuwa hahisi taabu, hapana haja ya kumpunguzia. Sheria nayo ilisaidia kuujenga ukuta huo. Mwaka 1906 nafasi ya kulala ya baharia wa Kiingereza ilipandishwa kutoka futi za ujazo 72 hadi 120. Laskari wa Kihindi, aliyefanya kazi chini ya bendera ile ile, akabaki na futi 36 zake.

Mwanzo wa karne ya 20 hata pumzi kati ya beleshi moja na jingine ilitwaliwa. Katika meli kubwa kama Titanic, iliyokuwa na boila 29 na tanuu 159, palifungwa chombo kilichobuniwa na mhandisi Kilroy. Fundi mkuu alikitegesha kwa kiasi cha mwendo alioutaka; kengele ikilia, namba ya tanuu ilionekana, na mchochezi wa tanuu hilo alipaswa kulilisha makaa papo hapo. Chombo hiki kilikuwa na faida yake, maana moto ulienda sawasawa. Lakini baharia wa jahazi aliimba wimbo na wenziwe wakavuta pamoja. Mchochezi hakuwa na wimbo, alikuwa na kengele, na mwenye kuitegesha kengele hakuwa mbele ya moto.

Titanic ilipozama tarehe 15 Aprili 1912, mshahara wa mabaharia waliookoka ulikatwa tangu saa ya kuzama, maana kwa desturi ya biashara mkataba ulikufa pamoja na meli. Tuifikirie hali ya mtu huyo: ametoka katika maji ya barafu, amewapoteza wenziwe, na nyumbani chakula kimekatika tangu usiku ule ule. Mwaka 1920 Shirika la Kazi la Kimataifa lilikutana Genoa kwa ajili ya mambo ya mabaharia, likapitisha mkataba wa kumlipa baharia aliyepoteza kazi kwa kuzama kwa chombo, hadi kiasi cha mshahara wa miezi miwili. Katika mkutano huo huo uliletwa mkataba wa kuweka mpaka wa saa za kazi melini. Huo haukupita, ulikosa kidogo tu kuifikia theluthi mbili ya kura. Tofauti hiyo ina mafunzo. Kumlipa mtu baada ya maafa kulikubaliwa. Kumrudishia wakati wake kabla ya maafa kulikataliwa.

Makaa yalikwisha, mafuta yakaja, na moto haukuhitaji tena beleshi. Mtu angedhani dhiki nayo ingekwisha. Lakini tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka Newark, Marekani, ikiwa na makontena 58, na kwa safari hiyo bandari zikaanza kubadilika. Meli iliyokuwa ikikaa wiki nzima ikishusha magunia sasa hukaa saa chache au siku moja. Meli kubwa mno, yenye makontena maelfu, huendeshwa na watu 20 hadi 25. Hivyo baharia amepoteza bandari, lile jambo la tatu tulilolitaja. Na kwa kuwa wenziwe ni wachache, tena wa mataifa na lugha mbalimbali, mara nyingi amepoteza na la pili. Hukaa miezi katika chumba safi chenye taa ya umeme, naye hana wa kuzungumza naye ila habari za kazi.

Matokeo ya uchovu huo hayabaki kifuani mwa mtu mmoja. Tarehe 6 Machi 1987 kivuko Herald of Free Enterprise kiliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi. Mtu aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani mwake, na maofisa walikuwa wakisukumwa waondoke upesi. Watu 193 walikufa. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska, na wachunguzi wa Marekani waliutaja uchovu na wingi wa kazi wa ofisa wa zamu miongoni mwa sababu. Ni rahisi kumlaumu aliyelala. Ni vigumu zaidi kuuliza ni nani aliyepanga zamu zake.

Mkataba wa Kazi za Mabaharia uliopitishwa Geneva mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, ulikuja kujibu swali hilo. Uliweka kwamba baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na kwamba muda wake melini kabla ya haki ya kurudishwa kwao uwe chini ya miezi 12. Kenya na Tanzania zimeuridhia. Lakini mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifanya serikali zifunge mipaka, karatasi ilipimwa ikaonekana nyepesi. Mabaharia wapatao 400,000 walinaswa melini mikataba yao ikiwa imekwisha, na wengine walipita miezi 17. Vyakula na dawa walizozibeba zilipokewa bandarini. Wao wenyewe walizuiwa kukanyaga gati. Tarehe 25 Julai mwaka huo meli Wakashio ilipanda mwamba huko Mauritius, ikamwaga baharini tani zipatazo 1,000 za mafuta. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilisogezwa karibu na nchi ili watu wake wapate mawasiliano ya simu. Kosa la uongozaji lilikuwa kubwa, wala hatulitetei. Lakini mwanahistoria hana budi kuitazama pia kiu iliyoisogeza meli ile. Mwaka 2022 mkataba wa Geneva ulirekebishwa ili mabaharia wapatiwe intaneti kadiri iwezekanavyo, na marekebisho hayo yakaanza kutumika Desemba 2024.

Mfano wa mwisho umetoka karibu na mfereji ule ule wa Suez. Mwaka 2017 meli Aman ilizuiliwa Misri kwa sababu ya madeni na vyeti vilivyopita muda. Nahodha akiwa nchi kavu, mahakama ilimfanya ofisa wake mkuu, kijana kutoka Syria, kuwa mlinzi wa meli kisheria, naye akakatazwa kuondoka. Wenziwe wakaenda zao mmoja mmoja, akabaki peke yake. Mama yake akafa yeye yumo melini. Dhoruba ya mwaka 2020 iliisukuma meli karibu na pwani, na tangu hapo aliogelea kwenda kutafuta chakula na kutia simu umeme, kisha akarudi kifungoni. Aliachiliwa Aprili 2021. Wakati mwingi wa kifungo chake meli haikusafiri wala haikuwa na kazi. Kilichomfunga ni karatasi.

Methali nyingine husema: usisafirie nyota ya mwenzio. Baharia wa stima na wa kontena hakupewa nafasi ya kuifuata methali hii, maana saa yake, zamu yake na siku yake ya kurudi huandikwa na wenye nyota nyingine, walio mbali na maji. Hiyo ndiyo asili ya dhiki tuliyoichungua, na dawa yake haimo katika kumfundisha baharia uvumilivu peke yake. Vijana wa Dar es Salaam na Mombasa wanasomeshwa leo kazi ya meli. Yawapasa wasome na historia hii, pamoja na namba za mapumziko zilizomo katika sheria. Na sisi wenye kalamu tuna kazi ambayo haiwezi kungoja: kuandika maneno ya mabaharia wazee wa Lamu, Unguja na Tanga wangali hai, juu ya walivyolala, walivyogojea na walivyorudi. Daktari Blane alikosea kwa sababu aliviangalia vichwa vya mabaharia bila kuwauliza wenye vichwa. Kosa hilo lisirudiwe na wasomi wa pwani hii.